Chai ya Saa Kumi na Kadi Zisizomtaja Mpishi

Baadhi ya hoteli za Mji Mkongwe zinazojitangaza kwa ukale wake huwa na kadi ya chai ya alasiri. Karatasi ni ya rangi ya malai, herufi zimelazwa kwa madaha, pembeni pamechorwa kikonyo cha karafuu au mlango wa njumu, na chini yake yamepangwa yale yale ambayo mtu angeyakuta London: sandwichi za matango zilizokatwa maganda, skonzi za moto na jemu, keki za kutia mdomoni mara moja, chai ya Darjeeling au ya Ceylon katika buli la kauri. Kadi za namna hii zina haiba, wala hapana haja ya kuikana. Zinampa mgeni saa moja ya utulivu katikati ya joto, na zinamwahidi kuwa anaketi mahali walipoketi wengine kabla yake. Ubishi wangu ni juu ya nani anayestahili sifa ya haiba hiyo. Saa yenyewe, adabu ya kumkirimu mgeni kwa kinywaji cha moto na kitu kitamu, na sehemu kubwa ya vitafunio vinavyokaa vizuri kando ya kikombe, vyote vilikuwa na wenyewe Unguja kabla hoteli za hapa hazijachapisha kadi yoyote. Na kadi zinazoitwa za zamani ni changa kuliko zinavyotaka tuamini.

Tuanze na Uingereza yenyewe, maana hadithi inayosimuliwa mezani huanzia huko. Husemwa kwamba Anna, mke wa Mtawala wa Bedford, katika miaka ya 1840 alikuwa akihisi njaa jioni kwa sababu mlo mkuu wa matajiri ulikuwa umesogezwa hadi saa mbili za usiku, akawa anaagiza chai, mkate na siagi chumbani mwake, kisha akawakaribisha marafiki. Huenda mama huyu amebebeshwa peke yake jambo lililokuwa likienea katika nyumba nyingi za tabaka lake, lakini kiini cha hadithi ni sahihi: chai ya alasiri ilizaliwa nyumbani, kwa sababu ya saa za kula kubadilika. Hoteli ziliifuata baadaye. Langham ya London ilifunguliwa mwaka 1865, na Ritz, ambayo wengi leo wanaichukulia kuwa ndiyo kibla cha desturi hii, haikufungua milango yake hadi 1906. Kwa hiyo hata kwao hoteli ni mrithi aliyechukua desturi ya sebuleni na kuitia bei.

Sasa tutazame Unguja ya miaka ile ile ya 1840. Sayyid Said bin Sultan alikuwa amekwisha kuhamishia makao yake hapa kutoka Maskati, karafuu zimeenea mashambani, na Wamarekani wamefungua ubalozi wao mdogo kufuatia mkataba wa 1833. Binti yake Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuja kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza mpangilio wa siku katika kasri za baba yake. Familia ilikula milo miwili mikubwa, wa asubuhi na wa alasiri. Baada ya ule wa alasiri, wakubwa walikaa barazani mbele ya bahari, kahawa ikazungushwa, na mazungumzo yakaendelea hadi magharibi ikaribie. Hakuna majani ya chai hapo, kweli. Lakini saa ni ile ile, saa kumi na kitu. Kikombe kipo, upepo wa bahari upo, cheo cha kila mtu kinaonekana kwa mahali alipoketi. Mambo ambayo hoteli inayauza leo kama roho ya chai ya alasiri yalikuwa yakifanyika Mtoni wakati mke wa Mtawala wa Bedford bado yu hai.

Wageni wa Ulaya na Marekani walioandika kuhusu baraza za Sayyid Said na wanawe wanarudia maelezo yanayofanana: mgeni anaketishwa, analetewa kahawa katika finjani ndogo, kisha sharbati yenye harufu ya waridi, na mara nyingi halua au matunda. Huu ulikuwa utaratibu wenye sheria zake. Nani anyweshwe kwanza, nani asimamie mdila, lini mgeni ajue kwamba muda wa kuaga umefika, yote yalijulikana bila kuandikwa. Sayyid Barghash alipozuru Uingereza katika kiangazi cha 1875 alikwenda kama mtu aliyelelewa ndani ya utaratibu huo. Alikuwa na vigezo vyake vya ukarimu kabla ya kuona vya wenyeji wake, na waliomkaribisha London hawakuwa wakimfundisha mtu kukaa mezani.

Kutoka baraza hizo hadi kadi ya hoteli, njia inapita melini. Mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza safari za kila mwezi za kuleta barua Unguja kutoka Aden, na mwaka 1890 Wajerumani nao wakaanzisha safari zao za Afrika Mashariki. Kwa msafiri wa wakati ule meli ndiyo iliyokuwa hoteli kamili. Kulikuwa na saluni, vyumba, ratiba ya kengele, na kadi za vyakula zilizochapishwa humo humo melini, zenye jina la chombo na tarehe. Chai ya alasiri ililetwa sitahani saa kumi, pamoja na biskuti na keki. Mjini kwenyewe hoteli zilikuwa chache na ndogo, na wengi wa walioandika habari za safari zao walifikia kwa mabalozi, kwa wafanyabiashara au kwa wamisionari. Jambo hili husahaulika haraka tunapotazama picha za leo za Shangani: mji huu ulikuwa mkubwa kwa biashara na siasa, lakini haukuwa mji wa hoteli. Nairobi, iliyozaliwa kambini mwa reli, ndiyo iliyopata Norfolk mwishoni mwa 1904, na Nyeri ikaja kupata Treetops yake mwaka 1932, ambako chai ilinyweka juu ya mti na nyani wakijipitishapitisha karibu na sahani. Unguja haikuwa na kitu cha kulingana na hivyo. Mzungu aliyeishi hapa alikwenda klabu.

Klabu hiyo ni English Club, iliyoanzishwa mwaka 1888 na baadaye kukaa katika jengo la Shangani ambalo sasa ni Africa House. Anayetafuta mahali ambapo chai ya Kiingereza ilinyweka Unguja kwa ratiba, miaka nenda miaka rudi, ni hapo, pamoja na nyumba ya Balozi Mkazi na viwanja vya michezo vya Mnazi Mmoja. Lakini klabu si hoteli. Klabu ilikuwa na wanachama, na uanachama ulikuwa wa rangi na cheo. Muunguja aliingia kwa mlango wa jikoni. Hivyo kadi ya leo inayomkaribisha mtu yeyote mwenye fedha kuja kunywa chai kama ilivyokuwa inamkaribisha katika jambo ambalo halikuwapo kwa sura hiyo. Pengine ni afadhali halikuwapo, kwani wengi wa wanaokaribishwa leo wasingepita mlangoni wakati huo.

Hapa kuna pingamizi ambalo ni la haki kulisikiliza. Mtu atasema: unahukumu kwa ukimya. Kadi za hoteli za Unguja za miaka ya 1910 au 1930 huenda zilikuwapo tele, zikaliwa na mchwa, zikaoza kwa unyevu, zikatupwa katika misukosuko ya siasa. Kukosekana kwake si ushahidi. Ni kweli kwamba karatasi ndogo kama hizi hunusurika tu pale mtu anapoamua kuziokoa. Mkusanyiko mkubwa wa kadi za vyakula ulioko katika maktaba ya umma ya New York ulianza mwaka 1900 kwa ukaidi wa mwanamke mmoja, Frank Buttolph, ambaye hadi anafariki mwaka 1924 alikuwa amekusanya zaidi ya 25,000. Unguja haikuwa na Buttolph wake. Hata hivyo iko sababu nyingine ya uhaba huu, nayo iko ndani ya biashara yenyewe. Hoteli za kikoloni za Afrika Mashariki kwa kawaida zilitoza bei moja kwa siku, iliyojumlisha kitanda, chai ya alfajiri chumbani, chakula cha asubuhi, cha mchana, chai ya alasiri na mlo wa usiku. Chai iliyokwisha kulipiwa haihitaji kadi yenye bei wala maneno ya kubembeleza. Inapigwa kengele, watu wanashuka. Kadi yenye majina ya majani kumi na mapambo ya maua inafaa pale chai inapouzwa peke yake kwa mtu anayeweza kukataa. Huo ni wakati wetu.

Lakini ukimya unaozungumza zaidi ni ule wa kadi zilizobaki. Kadi ya meli hutaja jina la meli, mara nyingine la nahodha. Kadi ya hoteli hutaja mwenye hoteli. Mpishi hatajwi. Na tunapouliza mpishi alikuwa nani, tunafika kwa watu ambao kadi imewaficha. Katika meli za British India, wahudumu wa saluni na wapishi wengi walikuwa Wagoa, na Wagoa hao hao walikuwa na jumuiya kubwa Unguja: makarani, mafundi cherehani, wapiga picha, wenye maduka ya vyakula vya kopo na mvinyo, waokaji. Majumbani mwa Wazungu, Wangazija walisifika sana kwa utumishi na upishi, wakifanya kazi pamoja na Waswahili wa mjini. Mnyororo wa mikono iliyoleta chai ya saa kumi mezani kwa afisa wa Kiingereza ulikuwa wa Kigoa, wa Kingazija na wa Kiunguja kuanzia gatini hadi kisahani.

Msomaji anaweza kusema kwamba watu hawa walitekeleza tu walichofundishwa na mabibi zao. Kuna kitabu kinachotumiwa kuunga mkono wazo hilo, kile cha mapishi cha walowezi wa Kenya, kilichotolewa Nairobi na wanawake wa kanisa la Kiskoti mwaka 1928 na kuchapishwa tena na tena. Ndani yake kuna maelekezo ya Kiswahili ya kumwambia mpishi afanye nini. Mimi nakisoma kwa upande wa pili. Kitabu kisingehitaji Kiswahili kama jiko lisingekuwa la Waswahili, na mtu anayesoma amri ya kuoka keki kwa lugha asiyoijua vizuri, mbele ya mpishi aliyepikia familia nne kabla yake, hayuko katika nafasi ya ualimu kama anavyodhani. Ngano haioti Unguja. Siagi ilikuja kwa kopo, na ilipofika ilikuwa imekwisha kuonja joto la bandari tatu. Maziwa ya ng'ombe yalikuwa kidogo. Tanuri la chuma lilikuwa anasa. Kila kitu ambacho mapishi ya Kiingereza yalikichukulia kuwa jambo la kawaida ilibidi kitafutiwe njia, na aliyejua njia ni yule aliyekuwa ameshika mwiko.

Chukua keki ya sponji, ambayo haikosi katika kadi za chai. Ile ya Kiingereza iliyopewa jina la Malkia Victoria hutaka siagi nyingi, unga wa kuumulia na tanuri lenye joto la kudumu. Mpishi wa Unguja alikuwa na mkate wa mayai. Hauna siagi kabisa. Mayai na sukari hupigwa kwa muda mrefu hadi povu lisimame, unga hutiwa kidogo kidogo, iliki hutoa harufu, kisha mchanganyiko huingia katika sufuria iliyopashwa, mfuniko ukawekwa na makaa yakapaliwa juu na chini. Ukitoka vizuri ni mwepesi, wa rangi ya dhahabu, na unakaa siku mbili bila kuharibika, jambo ambalo keki ya siagi hailiwezi katika joto la Februari. Chukua pia vileja: unga wa mchele, samli, sukari, iliki, vikaokwa hadi vikauke na kumeng'enyuka mdomoni. Yeyote aliyekula biskuti za siagi za Uskoti atatambua kuwa mantiki ni moja, mafuta mengi na unga usioumuka, ila kileja kinatumia nafaka inayopatikana hapa na mafuta yasiyooza. Sisemi kimoja kimetoka kwa kingine. Nasema kwamba mpishi aliyeulizwa kitu cha kuliwa na chai hakuwa na sahani tupu akisubiri kufundishwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni katlesi. Kitu hiki kilianza safari yake kama kipande cha nyama chenye mfupa mezani kwa Waingereza. Wapishi wa India waliokipika kwa ajili ya mabwana zao walikigeuza kuwa nyama ya kusaga, viazi, vitunguu, kotmiri na pilipili, kikafinyangwa, kikachovywa kwenye yai na kukaangwa. Kilipovuka bahari hadi Unguja kilikuwa tayari kimekana asili yake. Leo katlesi iko katika futari, katika hitima, katika harusi, katika sinia la chai anayopelekewa mkwe, na hapana Muunguja anayeila akimfikiria Mwingereza. Iko pamoja na sambusa, kachori, bagia na kababu, kundi la vitafunio vya chumvi ambalo kwa wingi wake linazidi sandwichi ya matango mbali sana. Katika kadi ya kale ya meli ungekuta katlesi imeandikwa kwa Kiingereza kama chakula cha Kiingereza, na aliyeikaanga alikuwa Mgoa anayefuata njia ya mamake. Mgeni alikula India akidhani anakula nyumbani kwao. Hii ndiyo sababu nasema haiba imeandikwa katika hesabu isiyo yake: ladha ambayo watu wa zamani waliikumbuka walipoandika barua kusifu chai za Mashariki ilikuwa ladha ya marekebisho haya.

Pingamizi zito zaidi ni hili: yote hayo ni vitafunio, lakini chai yenyewe si ya Waingereza? Bila wao tungekuwa tunakunywa kahawa chungu tu. Hapa ni lazima kukubali sehemu ya hoja. Chai ya bei nafuu ilienea Afrika Mashariki chini ya ukoloni. Wajerumani waliijaribu katika kituo chao cha kilimo cha Amani, ile Amani ya milima ya Usambara, tangu mwaka 1902. Mwaka 1903 ikapandwa Limuru. Na katika miaka ya 1920 makampuni ya Kiingereza yakafungua mashamba makubwa Kericho, huku Tanganyika ikianza kuipanda kibiashara Mufindi na Tukuyu. Hata hivyo jinsi mtu anavyopika chai hueleza alijifunza kwa nani. Mwingereza hutia majani katika buli, humwagia maji yaliyochemka, huyaacha kidogo, kisha huongeza maziwa kikombeni. Chai ya maziwa ya Unguja huchemshwa pamoja: maji, maziwa, majani, sukari, tangawizi, iliki, mdalasini, pengine karafuu mbili tatu, hadi vyote viwe kitu kimoja. Hiyo ni njia ya Bombay na Kutch, na iliingia Unguja kwa maduka na majiko ya Wahindi. Tena njia hii haikuwapendeza wauza chai wa Kiingereza hata huko India. Chama cha wakulima wa chai kilipokuwa kikiitangaza chai mwanzoni mwa karne ya 20 kililalamika kuwa viungo vinapunguza matumizi ya majani. Na chai ya rangi, yenye mchaichai au tangawizi bila maziwa, ambayo maskini na tajiri wanainywa, haina ndugu katika kadi yoyote ya London. Kwa hiyo majani, ndiyo, sehemu kubwa yalikuja kwa meli na mitaji yao. Namna ya kuyanywa ilikuja kwa njia nyingine, ikakaa.

Ikafika mahali ambapo Waunguja wasioingia klabuni walikuwa na chai zao za heshima. Karamu ya chai ikawa namna ya kumuaga mwalimu anayehamishwa, kumpongeza karani aliyepandishwa cheo, kumkaribisha kiongozi mgeni. Familia tajiri za Kihindi ziliwaalika maafisa wa serikali, vyama vya Waarabu na vya Waafrika vikafanya vya kwao. Chai haina pombe, kwa hiyo Mwislamu, Mkristo, Mhindu na Mparsi waliweza kuketi meza moja bila mtu kutafuta udhuru. Haihitaji mchinjaji, kwa hiyo hakuna aliyeuliza nyama imechinjwa na nani. Haichukui usiku, kwa hiyo wanaume walirudi nyumbani kabla ya isha. Katika mji uliogawanyika kwa kabila, dini na mtaa, hizi si faida ndogo. Sidhani kama klabu ya Wazungu iliwahi kupata matumizi mazuri ya chai kuliko haya.

Kwamba jiko ndilo lililobeba jambo zima kulidhihirika mwaka 1948. Mgomo mkuu wa Agosti na Septemba mwaka ule ulianzia bandarini kwa wapakizi, ukaenea kwa vibarua wengine, hadi watumishi wa majumbani. Maafisa waliozoea kuletewa chai wakajikuta wanatafuta mahali birika linapowekwa. Katika masimulizi ya mgomo huo jambo hili hutajwa kwa haraka, kama kichekesho kando ya habari kubwa za mishahara na bei ya chakula. Kwa mwanahistoria wa meza ni ushahidi wa kwanza kabisa, kwa sababu unaonyesha kinachobaki cha chai ya alasiri pale wanaoiandaa wanapoondoka.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 klabu ilikoma kuwa klabu. Miaka iliyofuata, hasa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa ya mgao na foleni: mchele, unga, sukari. Serikali ilijenga hoteli yake ya Bwawani, kubwa, ya zege, yenye fahari ya wakati mpya, ambayo haikuwa na haja ya kuiga ukoloni katika vikombe. Wazanzibari walikunywa chai kama walivyoweza, mara nyingi bila maziwa, mara nyingine sukari ikipimwa kwa jicho. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, na sheria ya uwekezaji ikapitishwa mwaka 1986, watalii wakaanza kuja kwa wingi. Majumba ya wafanyabiashara na ofisi za zamani yakageuzwa hoteli. Katika miaka ya 1990 Mmarekani Emerson Skeens alifufua nyumba za Hurumzi na kuweka mkahawa juu ya paa, ingawa watu walipanda huko zaidi kwa mlo wa jioni kuliko kwa chai. Mwaka 1997 Serena ikafunguliwa katika jengo la zamani la simu za nje, Shangani. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ni katika miaka hii, si mapema, ambapo chai ya alasiri ikawa bidhaa ya hoteli hapa Unguja, ikapata kadi, ikapata bei, ikapata neno zamani juu yake. Uwanja wa michezo wa Amani wa hapa Unguja, uliofunguliwa mwaka 1970, ni mkubwa kwa umri kuliko ukale huo, na wauza chai na kahawa wanaohudumia mashabiki wake siku za mechi wana haki zaidi ya kudai kwamba wanaendeleza mila.

Linabaki pingamizi la mwisho, la wenye biashara, nalo halina dharau. Mtalii amesafiri mbali, anataka kustarehe. Akitaka kujifikiria katika filamu ya miaka ya 1920, anamdhuru nani? Kadi nzuri inaajiri mpishi, mhudumu, mchapaji. Nakubali kwamba hakuna anayedhurika kwa skonzi, hata zile za Kiingereza ambazo mwokaji wetu wa mtaani, anayeuza skonzi zake laini za hamira, angeziona kuwa zimekataa kuumuka. Na tamaa ya kukaa katika wakati uliopita ni tamaa ya kibinadamu. Lakini hoja ya starehe inajikata yenyewe. Mgeni aliyekwenda Ritz hawezi kuvutiwa na Ritz iliyopungua, yenye siagi iliyolegea na matango yaliyosafirishwa. Anachoweza kukipata Unguja tu ni chai iliyochemshwa na iliki, kaimati zilizomwagiwa shira, visheti, mkate wa kumimina wenye harufu ya nazi na hamira, vileja, katlesi yenye ndimu, na halua ya kahawa baadaye. Hivyo ndivyo vyenye historia ya hapa ya miaka mia na zaidi, hata kama havikuwahi kuandikwa kwa herufi za mlazo. Mwenye hoteli anayevificha ili aonekane wa zamani anaacha ukale alionao na kukodi wa watu wengine.

Wala hahitaji kubuni chochote. Gazeti rasmi la Zanzibar, lililoanza kutoka Februari 1892, lilibeba matangazo ya maduka na ya meli, na nyaraka za serikali za wakati ule zimehifadhiwa Kilimani. Humo mtu anaweza kuanza kutafuta ni vyakula gani vilipakuliwa bandarini, vikauzwa na nani, na wapishi walikuwa na nini cha kufanyia kazi. Kuhusu upande wa pili wa sinia, ule usiotangazwa gazetini kwa sababu ulipikwa nyumbani, wapo akina bibi wa Malindi, Vikokotoni na Michenzani ambao hadi leo wanapalia makaa juu ya mfuniko, na baadhi yao wanapokea oda.